Mtaalamu wa vinasaba vya jinai ni shahidi, si mpelelezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niongeze maneno juu ya makala yenu ya ushauri wa kazi kwa vijana wanaomaliza kidato cha nne na cha sita, ambamo mtaalamu wa vinasaba (DNA) vya jinai, yaani mchunguzi wa maabara anayesoma vinasaba katika vielelezo vya kesi, alielezwa kuwa ndiye anayewafichua wauaji na kuzimaliza kesi zilizowashinda polisi. Nimefurahi kuona kazi hii ikitajwa, kwa kuwa watoto wetu wanaofaulu biolojia na kemia huelezwa habari za udaktari na ufamasia, na baada ya hapo wazazi na walimu hunyamaza. Lakini kwa kuwa nimeitumikia maabara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nawiwa kusema kwamba kijana atakayeingia katika kazi hii akiwa na shauku ya kukamata watu ataifanya vibaya, tena ubaya wake utamwangukia mtu asiye na pa kukimbilia. Mtaalamu wa vinasaba ni shahidi. Kazi yake ni kusema kile ambacho sampuli imeonyesha, na kuishia pale inapoishia.

Ukweli huu ulionekana tangu kesi ya kwanza kabisa. Mwezi Septemba 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza aligundua namna ya kutofautisha watu kwa vinasaba vyao, na muda si mrefu baadaye polisi wa eneo hilo walimwendea na kesi ya wasichana wawili wenye umri wa miaka 15, mmoja aliyeuawa mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986, katika vijiji vya jirani. Walikuwa wamekwisha kumkamata kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa amekiri mauaji ya pili, na walichotaka ni kuthibitishiwa kwamba alihusika na yote mawili. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtu mmoja ndiye aliyewatendea unyama wasichana wote wawili, na kwamba mtu huyo si yule kijana aliyekiri. Hivyo mtu wa kwanza ambaye hatima yake iliamuliwa na vinasaba katika kesi ya mauaji aliachiwa huru. Baadaye polisi walikusanya sampuli za wanaume wapatao 5,000, na hata hapo mkosaji alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe sampuli kwa niaba yake. Alinaswa kwa sababu mwenzake huyo alisikika akilisimulia jambo hilo baani, na mwezi Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ningependa kila mwanafunzi anayeitamani kazi hii aifahamu kesi hiyo kwa ukamilifu wake, pamoja na yule kijana aliyekiri kosa ambalo hakulitenda, maana ndiye husahauliwa kila hadithi hii inaposimuliwa.

Sasa niseme kazi yenyewe ilivyo. Kielelezo hufika maabara kikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa lakiri, pamoja na fomu inayoeleza kimetoka wapi, kimechukuliwa na nani na kimepita katika mikono ya nani. Kabla ya kuifungua, mchunguzi huhakikisha kwamba lakiri haijaguswa na kwamba maelezo ya nje yanalingana na fomu, kwa kuwa kosa la hapo halirekebishiki kwa kemikali yoyote. Nguo yenye damu mbichi iliyotiwa katika mfuko wa plastiki na kusafirishwa siku mbili katika joto la Tanga au Kigoma hufika ikiwa na ukungu, na vinasaba vyake vimekwisha kuoza, ilhali ingekaushwa kivulini na kutiwa katika bahasha ya karatasi ingeweza kuchunguzwa hata baada ya miaka mingi. Ndiyo maana sehemu ya kazi ya mtaalamu, ambayo makala yenu haikuigusa, ni kuwafundisha askari wa vituoni, matabibu wanaojaza PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, na maofisa ustawi wa jamii namna ya kuchukua na kuhifadhi sampuli. Kesi nyingi za ubakaji hupotea katika saa za mwanzo, kabla maabara haijazisikia.

Baada ya mapokezi, mchunguzi hutafuta doa, hukata kipande kidogo, huvitenga vinasaba na uchafu mwingine, kisha hupima ni kiasi gani kimepatikana. Mashine huvinakili vipande maalumu kwa mizunguko ipatayo 30, kila mzunguko ukiziongeza nakala takriban maradufu, hata kiasi kisichofika sehemu moja ya bilioni ya gramu kiweze kusomeka. Vipande hivyo ni maeneo ambamo herufi chache za vinasaba hujirudia, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mtu na mtu. Katika kila eneo tunarithi hesabu moja kwa baba na moja kwa mama. Hifadhidata ya taifa ya vinasaba ya Marekani ilianza na maeneo 13, na tangu mwaka 2017 inatumia 20. Katika kila kundi la sampuli huwekwa kichupa kisicho na kinasaba chochote, na endapo kichupa hicho kitaonyesha jibu, kundi zima halina thamani na kazi huanza upya. Wafanyakazi wenyewe huchukuliwa sampuli, ili kama kinasaba cha mmoja wao kimedondokea kwenye kielelezo kitambulike. Matokeo husomwa na mtu wa pili kabla ya taarifa kutiwa saini. Ni kazi ya kurudiarudia na ya kuandika kila kitu, na kwa aliyeumbiwa utulivu ni kazi ya heshima kubwa.

Kuna jambo moja lililotokea Ujerumani ambalo kwa maoni yangu lafaa kufundishwa katika wiki ya kwanza ya mafunzo ya kazi hii. Mwaka 2007, askari polisi mwanamke aliuawa kwa risasi katika mji wa Heilbronn, na kwenye gari lake vikapatikana vinasaba vya mwanamke asiyejulikana. Vinasaba hivyohivyo vilikuwa vimekwisha kuonekana katika mauaji ya mwaka 1993, kisha katika wizi na uvunjaji wa nyumba wa namna mbalimbali nchini Ujerumani, Austria na Ufaransa, matukio yapatayo 40 kwa jumla. Polisi walimwinda kwa miaka miwili, wakatangaza zawadi ya euro 300,000. Mwezi Machi 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo hakuwa mhalifu, bali mfanyakazi katika kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimesafishwa vikauliwa vijidudu vyote, lakini kusafisha huko hakuondoi vinasaba vilivyoachwa na mikono ya binadamu. Mashine zilisoma sawasawa na wachunguzi hawakusema uongo. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama mapema na kuuliza kama inawezekana kweli kwamba mtu mmoja aue, aibe vitu vidogo vidogo, avuke mipaka ya nchi tatu na asionekane na yeyote. Kiwango cha kimataifa cha vifaa visivyo na vinasaba kilitolewa mwaka 2016, yaani miaka saba baadaye.

Hata pale ambapo vinasaba ni vya mshukiwa kweli, havisemi vilifikaje. Katika jimbo la California nchini Marekani, mwaka 2012, mwanaume mmoja aliwekwa mahabusu kwa miezi kadhaa kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za mtu aliyeuawa nyumbani kwake. Kumbukumbu za hospitali zilionyesha kwamba usiku ule mshukiwa alikuwa amelazwa, hajitambui kwa ulevi. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua yeye ndio walewale walioitwa saa chache baadaye kwenye nyumba ya marehemu, na inaaminika kwamba wao au vifaa vyao ndivyo vilivyobeba vinasaba hivyo. Tangu vipimo vilipokuwa na uwezo wa kusoma chembe chache mno, jambo hili limekuwa la hatari zaidi, maana kinachosomeka sasa ni hata kile ambacho mtu alikiacha kwa kushikana mkono. Na sampuli iliyochanganyika, kwa mfano mpini wa panga ulioshikwa na watu watatu, ni sawa na kusikiliza watu watatu wakizungumza kwa pamoja nyuma ya ukuta. Kuna wakati sauti moja inasikika bayana, na kuna wakati jibu la kweli ni kwamba haiwezekani kuwatenganisha. Mtaalamu anayeona haya kuandika jibu hilo ni afadhali akatafute kazi nyingine.

Mhariri, naomba unisikilize hasa katika suala la hesabu, kwa sababu ndipo magazeti yetu yanapokosea mara kwa mara. Tuseme sampuli iliyoharibika imetoa maeneo machache tu, na mtaalamu akakadiria kwamba wasifu kama ule, yaani orodha ya hesabu za marudio zilizosomwa, hupatikana kwa mtu mmoja katika kila watu milioni moja. Mwandishi ataandika kwamba uwezekano wa mshtakiwa kuwa hana hatia ni mmoja katika milioni. Sivyo hata kidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Kwa hesabu ileile, watu wapatao 60 nchini wanaweza kuwa na wasifu huo, na vinasaba peke yake havitaji ni yupi kati yao aliyekuwa mahali pale. Wasifu uliokamilika ni adimu zaidi ya hapo kwa mbali sana, lakini sampuli za eneo la tukio si mara zote hutoa wasifu kamili. Tena ndugu wa tumbo moja wanafanana kuliko wageni, na mapacha wa kufanana hawatofautishwi kabisa kwa kipimo hiki cha kawaida. Aidha, makadirio hayo yanategemea majedwali yaliyopatikana kwa kupima watu wa nchi husika. Taifa lenye makabila zaidi ya 120 haliwezi kutegemea majedwali ya Ulaya na likajiona limefanya sayansi. Kijana anayefikiri kwamba ataiacha hisabati kidato cha nne na kuingia katika kazi hii aambiwe mapema.

Hesabu hiyo yote humfuata mtaalamu hadi mahakamani. Hupokea wito, husafiri, pengine kwenda mkoa wa mbali kwa kesi ambayo kielelezo chake alikichunguza miaka minne iliyopita, na hapo huulizwa maswali na wakili wa utetezi ambaye wajibu wake ni kutafuta ufa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, jambo ambalo mimi nililipokea kwa furaha, kwa kuwa mshtakiwa sasa anasikia kwa masikio yake kinachosemwa juu ya vinasaba vyake. Lakini maana yake ni kwamba mtaalamu aliyesomea kila kitu kwa Kiingereza anapaswa kuweza kueleza uwezekano, uchafuzi wa sampuli na mchanganyiko wa wasifu kwa Kiswahili kinachoeleweka na hakimu, mzee wa kijiji aliyekuja kusikiliza kesi ya mwanawe, na mshtakiwa mwenyewe. Sijaona chuo chetu kinachompima mwanafunzi kwa jambo hili, nami naliona kuwa ni pengo kubwa. Maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu. Ni ushahidi unaopimwa pamoja na ushahidi mwingine. Kwa hiyo mtaalamu anapoulizwa, "Je, mshtakiwa ndiye aliyetenda?" jibu lake ni kwamba swali hilo si lake.

Kuna upande wa kazi hii usiohusu wahalifu kabisa, na pengine ndio unaogusa watu wengi zaidi. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka na kuua watu zaidi ya 100, baadhi yao wakiwa wameungua kiasi cha kutotambulika kwa macho. Ndugu waliombwa watoe sampuli ili zilinganishwe na za marehemu. Mwaka 2023 wenzetu wa Kenya walifukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na familia za kwanza zilianza kukabidhiwa wapendwa wao mwezi Machi 2024, baada ya vipimo. Mwezi Septemba mwaka huohuo, wavulana 21 walifariki katika moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, na huko nako wazazi walilazimika kusubiri majibu ya maabara kabla ya kuzika. Katika hali kama hizo mtaalamu hufanya kazi na mifupa ya paja na meno, ambayo huhifadhi vinasaba muda mrefu kuliko nyama, na wazazi wakiwa wamefariki hutegemea vinasaba vinavyorithiwa kwa upande wa mama pekee, ambavyo shangazi hawezi kusaidia lakini mama mdogo anaweza. Kila siku ya kuchelewa ni siku ambayo familia imekaa matanga bila maiti. Hapo haraka na uangalifu hugongana, na mtaalamu mwenye moyo hulibeba jambo hilo nyumbani. Wanaochunguza vielelezo vya watoto waliodhulumiwa hubeba mazito zaidi, na waajiri wetu hawana budi kuwapangia ushauri nasaha kama sehemu ya kazi badala ya kuwaachia wavumilie.

Juu ya kesi za ubaba nitasema kidogo tu. Nchini Tanzania uchunguzi wa vinasaba vya binadamu unasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na maombi ya namna hiyo hupitia mamlaka kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili, kwa sababu nzuri ya kumlinda mtoto. Kila mara zinapotangazwa asilimia za wanaume walioambiwa kwamba si baba, magazeti huandika kana kwamba takwimu hiyo ni ya ndoa zote nchini. Wanaokwenda kupima ni wale ambao tayari wana shaka na ugomvi. Takwimu yao haiwezi kuhamishiwa kwa jirani asiye na shaka. Kichwa cha habari cha namna hiyo kinaweza kumfukuza mtoto nyumbani, na nimekwisha kuviona vingi mno.

Kijana ambaye baada ya haya yote bado anaitaka kazi hii, namwambia aje, maana anahitajika. Asome fizikia, kemia na biolojia au kemia, biolojia na hisabati kwa bidii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina shahada ya bioteknolojia na sayansi za maabara, na wengine huingia kupitia kemia au baiokemia. Shahada ni mwanzo tu; hufuata mafunzo ndani ya maabara chini ya mchunguzi mwenye uzoefu, na hakuna anayeruhusiwa kutia saini taarifa kabla ya kupimwa uwezo wake. Aambiwe pia, bila kufichwa, kwamba nafasi ni chache. Kazi hii kwetu imekaa zaidi katika Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye makao makuu na ofisi za kanda, ilhali Jeshi la Polisi lina wataalamu wake wa alama za vidole, maandishi na silaha. Hatuwezi kuwasomesha mamia kwa matumaini ya nafasi zinazohesabika kwa vidole, kisha tukashangaa wanapoishia kuuza dawa za mifugo.

Kwa upande wa Serikali, nafasi zikiongezwa pasipo fedha za kemikali hatutakuwa tumefanya kitu. Kemikali za vipimo hivi huagizwa kutoka nje, husafiri zikiwa kwenye baridi, zina tarehe ya mwisho wa matumizi, na mashine za kusomea zinahitaji mkataba wa matengenezo unaolipwa kila mwaka, pamoja na umeme usiokatika kwenye majokofu ya vielelezo. Maabara ikikosa kemikali kwa miezi miwili, mahabusu anakaa miezi miwili zaidi, na aliyedhulumiwa vilevile anasubiri. Bajeti ya maabara isomwe bungeni kwa jicho hilo. Na maabara zetu zote zinazotoa ushahidi zipimwe mara kwa mara na wakaguzi wa nje, kwa sampuli za majaribio ambazo jibu lake wachunguzi hawalijui, na matokeo yake yawekwe wazi kwa mawakili wa pande zote mbili.

Kwako wewe Mhariri nina maombi mawili. La kwanza, mtakaporudia makala ya kazi hii, mkaribisheni mchunguzi aliyewahi kuhojiwa mahakamani kwa saa tatu, awaeleze vijana siku hiyo ilikuwaje. La pili ni kwa waandishi wenu wa habari za mahakama: wanapoandika kwamba vinasaba vimethibitisha jambo, waeleze sampuli ilitoka wapi, kama ilikuwa ya mtu mmoja au mchanganyiko, na kama maabara ilisema wasifu unalingana, haulingani, au haikuweza kuamua. Taarifa hizo hutajwa mbele ya watu mchunguzi anapotoa ushahidi, na sentensi mbili zinatosha kuziandika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchunguzi mstaafu wa maabara,
Morogoro